Shairi la Msimu, Shairi la Tukio: Mwongozo Kamili wa Kuwasomea Watu Wako Mashairi Unayoyapenda

Nyumbani kwetu Tanga lipo daftari la jalada gumu ambalo marehemu bibi yangu alikuwa akiliita "daftari la siku". Kila aliposikia beti zikamgusa, iwe redioni au kwenye baraza ya harusi, alimwita mjukuu mwenye hati nzuri amwandikie: beti zenyewe, jina la mshairi kama linajulikana, na siku alipozisikia. Kwa bibi, siku ilikuwa na uzito sawa na beti. Alitaka mashairi yawe tayari mvua ya masika inapogonga bati kwa mara ya kwanza, mtoto anapotolewa nje, jungu linapovunjwa kwa karamu ya kuukaribisha mfungo.

Siku hizi tunatumiana mashairi mengi kuliko bibi alivyoweza kuota. Lakini mengi yanatua kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la mtunzi, yamekatwa katikati, na hayamlengi mtu yeyote. Mwongozo huu ni wa anayetaka kulirudisha shairi kinywani mwa mtu, mbele ya watu anaowajua, katika siku inayolihitaji. Hauhitaji uwe malenga. Unahitaji masikio, daftari, na subira ya kujifunza beti chache vizuri.

Hatua ya kwanza: andika kalenda yako kabla ya kufungua kitabu

Watu wengi huanza kwa kutafuta mashairi mazuri, kisha wanahangaika wayasome lini. Anza upande wa pili. Chukua karatasi uandike mwaka wako unavyokwenda hasa. Kwa sisi wa pwani mwaka una pepo mbili: kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi, inayoanza Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba. Ndani yake kuna masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha katikati ya mwaka, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi kinachokausha visima. Ukiishi bara, andika misimu ya huko: kulima, kupalilia, kuvuna.

Juu ya misimu weka siku za dini na za mila. Kwa Waislamu kuna kuvunja jungu mwishoni mwa Shaabani, Ramadhani yenyewe, Idi mbili, na Maulidi ya Mfungo Sita. Kwa Wakristo kuna Kwaresima, Pasaka na Krismasi. Makunduchi, Unguja, kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, kila Julai. Kisha ongeza siku za watu wako: nani anatarajia kujifungua, nani anaolewa, nani anastaafu, msiba wa nani unatimiza mwaka.

Usijaze kila nafasi. Kwa mwaka wa kwanza siku 6 zinatosha kabisa. Shairi lililosomwa mara 6 kwa makini litakumbukwa, na mashairi 50 yaliyotumwa mfululizo yatapitwa kama matangazo.

Hatua ya pili: tafuta shairi linaloingia siku hiyo

Hapa lazima niseme jambo ambalo huwashangaza vijana waliozoea mashairi ya kigeni shuleni. Ushairi wetu wa kale haukai sana kuchora mvua au maua kwa ajili ya kuchora tu. Msimu huingia kama fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, ana shairi linaloanza hivi:

*Dunia mti mkavu, kiumbe siulemele*

Ni mti mkavu, usiuegemee. Mstari huo ukiusoma mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekausha mpaka majani ya mwarobaini, huna haja ya kueleza kiangazi ni nini. Kila aliyekaa barazani ameona mti wa namna hiyo na anajua ukiuegemea utavunjika. Kwa hiyo usitafute shairi lenye neno "masika" ili ulisome masika. Tafuta shairi ambalo fumbo lake watu wanaliona kwa macho siku ile.

Kwa siku za tufani na bahari chafu, tafuta diwani (kitabu cha mashairi) ya *Kimbunga* ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, iliyochapishwa 1994. Yule mzee alikuwa mtu wa bahari kabla ya kuwa mtu wa vitabu, na inasikika. Kwa mtu anayepita kipindi cha kuonewa na kutengwa, *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, ambayo mashairi yake aliyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, ina maneno ambayo rafiki hawezi kuyapata kwa urahisi. Kwa anayesema hapendi vina, mpe *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi ya 1974. Aliyazua malumbano makubwa kwa kuandika bila vina na mizani, na kuna watu ambao mlango wao wa ushairi ni huo.

Na usiwasahau washairi wa magazetini. Tangu *Mambo Leo* ilipoanza kuchapishwa 1923, magazeti ya Kiswahili yamekuwa uwanja wa watu wa kawaida kutunga na kujibizana. Kata shairi lililokugusa, andika tarehe pembeni, libandike kwenye daftari.

Hatua ya tatu: hakikisha maneno ni yenyewe

Shairi la kunakili kutoka simu hadi simu huharibika haraka. Silabi moja ikidondoka, mstari unachechemea, na anayejua anakunja uso. Kipimo cha kwanza ni kuhesabu mizani. Shairi la kawaida huwa na silabi 16 kwa mshororo: 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Utenzi kwa kawaida una mishororo mifupi ya silabi 8. Hesabu kwa vidole, polepole. Ukikuta 7 au 9, ama umenakiliwa vibaya, ama kuna sauti unayoisahau kuhesabu.

Kwa tenzi za kale, nunua au azima kitabu chenye maelezo. *Tenzi Tatu za Kale* cha M. M. Mulokozi kina Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona pamoja, na kwa mtu anayeanza hicho kinatosha miaka kadhaa. Kwa washairi walio hai, au waliokufa si zamani, nunua diwani yao. Soma beti mbili tatu mbele ya watu, taja jina, waoneshe kitabu. Usipige picha kurasa zote ukazisambaza. Mtunzi naye anakula.

Hatua ya nne: kaa na beti moja mpaka ikufungukie

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha msomaji anayesikilizwa na anayevumiliwa. Nitaonesha kwa beti ya kwanza ya utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, na alikuwa mgonjwa. Anaanza hivi:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiyati*
*asa ukazingatia*

Anza na maana. *Negema* ni sogea, karibia. *Upulike* ni usikilize. *Wasiyati* ni wosia. *Asa* ni huenda. *Mchachefu wa sanati* husomwa kwa njia mbili: kuna wanaosema ni binti mwenye miaka michache, na kuna wanaosema ni mama anajinyenyekeza kwamba mema yake ni machache. Chagua moja, ujue kwa nini umeichagua. Mimi nikisomea wasichana wadogo huchukua ile ya miaka. Nikisomea wanawake wazima, huwaambia zote mbili na kuwaachia.

Sasa hesabu. Mshororo wa kwanza ukiuhesabu haraka utapata 7: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti. Lakini waliokuwa wakiughani walilipa neno *binti* silabi tatu, bi-n-ti, ile n ikikaa peke yake kama inavyokaa m ya *mtu*. Ukiisoma hivyo mshororo unatimia 8, na mdomo unatulia kidogo juu ya neno "binti", mahali hasa ambapo mama angetulia. Nilipoligundua hilo, nikiwa jikoni na kitabu kimeegemea gudulia la maji, nilirudia mshororo ule labda mara 20.

Kisha angalia vina. Mishororo mitatu inaishia -ti, wa nne unaishia -a. Beti ya pili, ambamo mama anaeleza kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, inafanya vilevile: mitatu kina chake, na wa nne -a. Hiyo -a ya mwisho hurudi utenzi mzima. Ndiyo bahari yake. Msikilizaji asiyejua jina la jambo hilo bado analisubiri sikioni. Usilimeze. Kila unapofika mshororo wa nne, punguza mwendo.

Beti moja ikikaliwa namna hii, jioni mbili au tatu, unaweza kuisoma bila karatasi. Na mtu anayesoma akimtazama usoni anayesomewa anafanya kitu ambacho karatasi haiwezi.

Hatua ya tano: jifunze kughani

Mashairi yetu yalitungwa yasikike. Huna haja ya sauti ya taarab. Shika mahadhi moja rahisi ya utenzi na moja ya shairi la mishororo minne, ujifunze kwa mtu mzima aliye karibu nawe: mwalimu wa madrasa, shangazi aliyekuwa akiimba kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, mzee aliyesoma zama za ngonjera. Mrekodi kwa simu, mwombe arudie beti hiyohiyo mara tatu, kisha jaribu mbele yake akusahihishe. Ukijifunza peke yako kwa kusikiliza tu, utaiga sauti na kukosa pumzi.

Mambo mawili ya kuzingatia. Katika shairi, weka kituo kidogo kati ya ukwapi na utao, sekunde moja tu, ili kina cha kati kisikike. Na kama shairi lina kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwisho wa kila beti, wafundishe watu kibwagizo kabla hujaanza. Waambie, "Nikifika hapa, tupokee pamoja." Watu wanaopokea hawachezi na simu.

Kuhusu urefu, beti 4 hadi 6 zinatosha. Shairi la beti 5 likighaniwa bila haraka huchukua kama dakika 3, na kwenye shughuli yenye chakula kinachosubiri, dakika 3 ni nyingi. Utenzi mrefu usiukate ovyo: chagua kipande chenye mwanzo na mwisho wake, na useme wazi kuwa ni kipande.

Kuzaliwa, kuoa, kuaga

Kwa mtoto mchanga, anza na bembelezi za nyumbani kwenu kabla ya kwenda kwa washairi wakubwa. Kila ukoo unazo, na nyingi hazijaandikwa popote. Siku ya arobaini, mama anapotoka, mwombe bibi mkubwa kuliko wote aimbe ile aliyoimbiwa yeye. Andika. Ukitaka la kitabuni, Shaaban Robert alimtungia binti yake *Utenzi wa Hati* na mwanawe *Utenzi wa Adili*. Vipande vya wosia vilivyo humo vinafaa kusomwa mtoto akiwa amepakatwa, hata kama hataelewa kwa miaka 10.

Unaweza pia kuongeza beti yako. Mama yangu alipopata mjukuu wa kwanza, mwezi wa Aprili, nilimsomea hii:

*Mwezi wa masika huu, mtoto wetu kafika*
*Yatoka mvua juu, mabati yatiririka*
*Bibi yu mbio miguu, maji ya moto kuweka*
*Karibu we mjukuu, nyumba imeshafunguka*

Haitaingia kwenye diwani yoyote. Lakini mama anaijua kwa moyo, na mtoto mwenyewe sasa anaidai kila siku yake ya kuzaliwa. Sharti ni moja: beti yako isimame kando, useme ni yako. Usiichomeke ndani ya shairi la mtu mwingine.

Harusini uwe mwangalifu na uchaguzi. Utenzi wa Mwana Kupona husomwa sana kwa bibi harusi, na sehemu kubwa ya katikati inahusu mke kumtumikia mume. Kuna wanawali wanaoupokea kwa heshima na kuna wanaoumia moyoni mbele ya wageni. Muulize bibi harusi mapema. Mimi husoma beti za mwanzo, mama anapomwita binti asogee, kwa sababu hapo ndipo usiku wa harusi ulipo: mama na mtoto wake kwa mara ya mwisho chini ya paa moja. Nyimbo za mafumbo waachie wanawake wa vugo, wanajua nani anarushiwa nini.

Kustaafu, kuhitimu, kuhamia nyumba mpya: beti mbili, makofi, chakula.

Msiba ndio unaotaka akili zaidi. Niliwahi kukosea, na kosa lenyewe limenifundisha kuliko kitabu. Alipofariki mjomba, nilisimama siku ya tatu, baada ya hitima, nikasoma kipande cha Al-Inkishafi. Ni utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kuhusu moyo unaodanganywa na dunia na majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Nilisoma:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa visahani, sasa makinda ya ndege ndiyo yamelala humo. Ni mishororo ambayo naiona kuwa miongoni mwa mizuri kabisa katika lugha yetu. Lakini mjane alikuwa chumba cha pili, na kabati lake la vyombo lilikuwa mbele ya macho yake. Alilia kilio ambacho hakikuwa cha kutulizwa. Shangazi alinishika mkono akanitoa nje na kuniambia, "Mwanangu, hayo ni ya mwakani."

Alikuwa na haki. Tangu siku ile nimeshika mpango huu. Makaburini sisomi kitu, dua inatosha. Siku za matanga, kama nikiombwa, nasoma kitu kifupi na laini kinachomtaja marehemu kwa mapenzi. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi linaloanza:

*Amina umejitenga, kufa umetangulia*
*Kama ua umefunga, baada ya kuchanua*

Hapa hakuna mahubiri. Kuna mtu aliyebaki anayemwita aliyeondoka kwa jina lake. Ukilisoma, usibadilishe jina ukaweka la marehemu wenu. Acha Amina awe Amina, wafiwa watajua wamtie nani. Kwa misiba ya Kikristo, nafasi nzuri ni mkesha au baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, kwa ruhusa ya familia na ya mchungaji au padri. Al-Inkishafi ingoje arobaini ipite, au mwaka, watu wakiwa wanaweza kuitazama nyumba tupu bila kuanguka. Wakati huo inaponya.

Kwa walio mbali

Ndugu zetu wako Muscat, London, Toronto, na wengine mikoa ya mbali tu. Kwao tuma sauti, usitume maandishi peke yake. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au khanga zilizotundikwa, zima feni, shika simu shubiri moja kutoka mdomoni. Anza kwa jina la unayemsomea: "Da Mdogo, huku kusi imeanza, nimekukumbuka." Kisha taja mshairi, eleza neno moja gumu, soma. Dakika 2 zisizidi. Mtumie yeye mwenyewe, kwenye simu yake, wala usiiweke kwenye kundi la ukoo lenye watu 80. Akitaka wengine wasikie ataisambaza mwenyewe.

Na mwombe akujibu kwa beti. Kujibizana ndiko kulikoufanya ushairi wa Mombasa wa enzi za Muyaka uende na kurudi kati ya miji. Binamu yangu aliye Muscat alianza kwa kunijibu na alama za moyo. Mwaka wa pili alituma beti moja yenye mizani 7 hapa na 9 pale. Sasa tunasahihishana.

Hatua ya mwisho: andika siku

Jioni ya siku uliyosoma, kabla hujalala, fungua daftari. Andika tarehe, mahali, ulichosoma na ni beti zipi, waliokuwepo, na kilichotokea: nani alipokea kibwagizo, nani aliuliza maana ya neno gani, wapi ulikwama. Kama kuna mzee aliyesema "sisi tulikuwa tukiisema hivi", andika alivyosema, neno kwa neno, pamoja na jina la kijiji chake. Acha nusu ukurasa mtupu.

Ukurasa wa bibi wa masika fulani una beti moja tu iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, na chini yake, kwa hati ya mjukuu mwingine na wino mwingine: "Imesomwa tena leo. Mvua imeanza saa 10 alfajiri."